Faranga za Mwalimu Fideli

Buseresere, Jumapili

Kabula mwanangu,

Nimengoja wewe na mama yako mtoke kwenda kanisani ndipo nikachukua kalamu. Mkiwepo siwezi. Kesho unapanda basi la Kahama, na keshokutwa, Mungu akijalia, utakuwa Tabora kwenye chuo cha ualimu. Habari za chandarua, sabuni, nauli ya akiba na watu wa kujihadhari nao stendi, mama yako amekueleza tangu juzi. Nilikuwa nje ya dirisha, nilisikia yote. Sina cha kuongeza.

Nina jambo jingine. Tangu uanze kidato cha kwanza hujakanyaga ndani ya kibanda changu cha redio. Ukija likizo unanisalimu shikamoo, naitika marahaba, tunaishia hapo. Mama yako anadhani ni ukubwa, kwamba binti akikua hukaa mbali na baba yake. Mimi na wewe tunajua si ukubwa. Ila unachokijua wewe ni kipande, na sitaki uondoke na kipande. Ukishajua yote unaweza kuniacha kabisa. Hilo nimeshalifikiria, na bado naandika.

Nianzie mbali kidogo, kwenye noti.

Nilijifunza ufundi Shinyanga mjini nikiwa kijana, kwenye duka la Bwana Ramji, Mhindi aliyeuza redio na baiskeli. Alikuwa mkali. Ukiunguza waya alikufokea mbele ya wateja. Lakini Jumamosi akishafunga milango ya duka aliniita nyuma, akaketi juu ya sanduku, akafungua albamu yake. Haikuwa na picha za watu. Ilikuwa na noti za nchi mbalimbali, kila moja kwenye mfuko wake wa nailoni. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa na pesa asiitumie.

Siku moja alinionyesha karatasi ya rangi ya kahawia, imechapwa vibaya, wino umefifia upande mmoja.

"Hii rupia ya Mjerumani," alisema. "Wakati wa vita meli zao zilizuiwa, noti kutoka kwao haziji, basi wakachapa wenyewe hapa hapa nchini. Babu yangu aliwauzia askari nguo na chumvi, akalipwa karatasi hizi gunia zima. Halafu Mjerumani akakimbia."

"Babu yako akafanya nini?"

"Akawashia jiko. Bibi alisema zilikuwa zinawaka vizuri."

Alicheka, mimi nikacheka naye. Ndiye aliyenieleza mwenendo wa pesa ya nchi hii: rupia, kisha florini iliyokaa muda mfupi hata wazee wengi hawaikumbuki, kisha shilingi ya Afrika Mashariki yenye sura ya mfalme, baadaye ya malkia, kisha ile yenye picha ya ziwa, ndipo ikaja shilingi yetu wenyewe. Kila ilipobadilika, alisema, kuna watu waliambiwa mapema na kuna watu waliambiwa wamechelewa. Siku nilipotengeneza redio peke yangu mara ya kwanza ikaongea, alinipa noti ya rupia moja ya India. Ugonjwa wangu ulianza siku ile.

Babu yako, mzee wangu, hukumkuta. Alikuwa mkulima wa pamba huko kwetu ng'ambo ya Ibadakuli. Kila msimu akiuza pamba aliweka noti ndani ya kopo la majani ya chai, kopo analiweka ghalani nyuma ya mtama. Ilipotangazwa kwamba pesa ya Afrika Mashariki inaondolewa na kila mtu apeleke zake benki abadilishiwe, nilipanda baiskeli nikaenda nyumbani. Nilimkuta na wadogo zangu wamekaa uani.

"Baba, zile pesa za kwenye kopo zinakwisha. Zinatakiwa benki."

Alitoa noti moja akaiinua juani. "Imechanika?"

"Haijachanika."

"Imeliwa na panya?"

"Hapana, baba."

"Sasa imekufaje?"

Nikacheka, Kabula. Nilimcheka baba yangu mbele ya watoto wake, kwa kuwa mimi nilikuwa wa mjini na nilifundishwa na Bwana Ramji. Mzee alirudisha noti ndani ya kopo, akafunika, akasema, "Rudi kwa Mhindi wako." Nami nikarudi, nimekasirika. Tarehe ya mwisho nilikuwa naijua. Ningeweza kurudi tena, ningeweza kumwomba mjomba aende akaongee naye kwa adabu. Sikufanya. Nilisema moyoni, acha ajifunze.

Alikuja dukani muda ulipokwisha kupita, kopo liko kwapani, amevaa shati lake la kanisani. Hakunisalimia. Alimwendea Bwana Ramji, akamwambia, "Kijana wangu alinieleza kwamba zimekufa. Nimekuja kuuliza kama hakuna dawa." Bwana Ramji alinitazama mimi, si yeye. Kisha akamwagizia mzee chai, na mzee akainywa yote, akashukuru, "Wabeja," akaondoka na kopo lake kwa miguu.

Ile noti ya shilingi ishirini yenye ziwa, uliyoipenda sana ulipokuwa mdogo, ulipata kuniuliza nani alinipa. Nikakuambia nimeinunua Mwanza. Nilikudanganya. Niliichukua kwenye lile kopo baada ya mazishi ya mzee.

Basi nilipohamia huku, wakati wachimbaji walipoanza kumiminika kila mahali kuanzia Geita mpaka huku kwetu, nilikuja na ufundi wangu na albamu yangu. Mchimbaji akipata dhahabu kidogo, kitu cha kwanza anachonunua ni redio, na cha kwanza kuharibika ni hiyo hiyo redio, kwa vumbi la shimoni. Kazi ilikuwepo. Na wapita njia walikuwepo: Wazaire wenye noti za sifuri nyingi ambazo wao wenyewe walizidharau, Waganda, Warundi, madereva wa malori. Kila mmoja nilimwomba noti moja ya kwao. Shilingi yetu nayo ilikuwa inakonda mbele ya macho yangu. Noti ya mia niliyopokea kwa mikono miwili nilipoanza kazi, sasa ni sarafu anayopewa mtoto akanunue karanga. Nilijiona mjanja kwa kuyajua hayo. Ulikuwa ukikaa mapajani pangu, ninafungua albamu, unataja nchi moja baada ya nyingine bila kukosea. Hizo ndizo siku zangu nzuri, na sina nyingine za kuzilinganisha nazo.

Ndipo wakimbizi wa Rwanda walipoingia.

Unakumbuka Mwalimu Fideli alivyofika. Alikuwa ametoroka kambini upande wa Ngara kutafuta kibarua, mkewe Konsolata na watoto wawili amewaacha kule. Alibeba matofali kwa watu hapa Buseresere, mtu aliyefundisha hesabu miaka yote. Siku moja alikuja kutengenezewa redio ndogo, akakukuta unalia juu ya daftari la sehemu na asilimia. Alichukua kipande cha chaki changu cha kuwekea alama, akachora mkate juu ya ubao wa meza yangu ya kazi, akaugawa. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila jioni akitoka kwenye matofali. Sikumlipa kitu. Nilimtengenezea redio bure nikajiona nimemtendea wema mkubwa. Ulipofaulu darasa la saba, yeye ndiye aliyeruka, mimi nilikuwa nimekaa.

"Huyu atafundisha," aliniambia. "Utaona, Baba Kabula. Ana uvumilivu wa mtu anayejua kueleza."

Sasa sikiliza ambayo huyajui.

Mwanzoni nilinunua faranga moja moja kwa ajili ya albamu. Kisha nikaona wakimbizi wanaziuza kwa bei ya kutupa, maana mtu mwenye njaa hana muda wa kubishana. Nikafikiri, hawa watarudi kwao, faranga itapanda, nitauza. Akiba yote niliyoweka kwa ajili ya kidato chako cha kwanza niliigeuza faranga. Mama yako hakujua. Nilinunua kwa watu waliokuwa wanatetemeka, na nikijua thamani halisi kuliko wao, kwa kuwa nilisikiliza redio mchana kutwa.

Fideli hakuuza zake. Alikuwa na fungu moja, limefungwa ndani ya kipande cha kitenge cha mkewe. Ilikuwa bei ya ng'ombe wawili na kiwanja, na mshahara aliouweka miaka mingi. "Hizi za kuezekea nyumba tukirudi," alisema. Kazi ya matofali ilipokwisha aliamua kwenda kujaribu bahati machimboni, kwenye duara moja, shimo la dhahabu upande wa Geita, na aliogopa kulala na pesa katikati ya wachimbaji. Akaniletea lile fungu.

"Niwekee wewe, Fundi. Wewe unajua kutunza karatasi."

Nililiweka ndani ya sanduku la bati, pamoja na albamu na faranga zangu.

Kilichofuata unakikumbuka. Ulikuwa umekaa karibu yangu siku ile, shule zilikuwa bado kufunguliwa, na redio ya Mzee Shija ndiyo kwanza imepona. Ikatangaza kwamba serikali mpya ya kule inabadilisha noti, za zamani zitakuwa si kitu, na muda uliotolewa ni siku chache tu. Uliinuka hapo hapo.

"Baba, pesa za Mwalimu! Tumwambie."

"Nitamtumia mtu."

Kesho yake ukaniuliza, "Umemtuma?" Nikasema nimemtuma. Siku ya tatu ukauliza tena. Nikakufokea kwamba wewe ni mtoto, usinifuate fuate.

Sikumtuma mtu. Niliogopa kwamba akija atataka zake zitangulie. Nilikuwa namtafuta mtu wa kuvusha faranga, nikampata dereva wa lori aliyekuwa akienda Kigali, jina lake Sadiki. Alikuja kibandani wewe ukiwa umekwenda kuteka maji.

"Nitachukua bunda moja," alisema. "Moja tu, lisizidi unene wa tofali. Mpakani wanapekua. Mabunda mawili siwezi kuficha."

"Na ikiwa ni za watu wawili?"

"Mzee, mimi sijui za nani na nani. Bunda moja. Naondoka saa hizi."

Nilifungua sanduku. Zangu zilikuwa upande mmoja, za Fideli upande wa pili ndani ya kitenge. Nikaziweka zote juu ya meza, kati ya misumari na vipande vya waya. Nataka ujue kwamba sikuchanganyikiwa. Ilinijia akilini waziwazi kufungua kile kitenge, nichukue nusu ya zake na nusu ya zangu, nifunge pamoja. Hata uzi nilikuwa nao mkononi. Sadiki alikuwa mlangoni anachokoa meno, hakunisukuma. Nikafunga zangu. Za Fideli nikazirudisha ndani ya sanduku, nikalifunga, nikampa Sadiki bunda.

Sadiki hakuniibia. Mara nyingi nimetamani angeniibia. Alirudi na noti mpya, akatoa sehemu yake, nikampelekea mtu wa kunibadilishia shilingi. Masista walitaka ada ya mwaka mzima kabla hujaingia bwenini. Ulipokuwa unawaambia wenzako kwamba baba yako alikusomesha kwa kutengeneza redio, nilikuwa nasikia. Ada ile ilitoka kwenye bunda la Sadiki.

Najua utataka kusema kwamba nilifanya kwa ajili yako. Usiseme hivyo, usinisaidie. Ada ilichukua kama nusu. Nusu nyingine nilikwenda nayo Mwanza nikanunua kwa Mganda mmoja noti sita za zamani za kwao, ambazo nilikuwa nazitamani muda mrefu, kujaza ukurasa uliokuwa na mapengo. Ile nusu ingetosha nafasi ya Fideli ndani ya bunda. Nilikuletea noti zile uzitazame kabla hujaondoka kwenda shule. Uliweka mikono mgongoni, ukasema zina rangi nzuri.

Ulifanya hivyo kwa sababu ya ile siku nyingine, na hiyo tuliiona wote wawili.

Fideli alifika muda ukiwa umepita. Alikuwa ameazima baiskeli, ameendesha kutoka machimboni tangu alfajiri, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Wenzake walimpasha habari huko shimoni. Hakusalimu.

"Fundi, ni kweli?"

"Kitu gani?"

"Faranga. Wamesema zimebadilishwa, muda umekwisha."

"Hata mimi nimesikia jana tu," nikasema.

Alizitazama redio zilizopangwa ukutani. Zilikuwa kama kumi. "Jana? Na redio zote hizi?"

"Betri zilikwisha. Wiki nzima nilikuwa sina betri."

Hakuniamini. Nilimwona haniamini, akawa anatafuta mahali pa kushika. Akakugeukia wewe. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, umevaa sare mpya mama yako aliyokushonea, unaijaribu.

"Kabula, na wewe hukusikia?"

Ukanitazama mimi. Ulijua uso wangu tangu utotoni, na ule uso ulikuambia la kusema. Ukainamisha kichwa.

"Hatukusikia, Mwalimu."

Akaamini. Papo hapo akaamini, kwa sababu katika siku zote alizokufundisha hukuwahi kumwambia kwamba umefanya zoezi wakati hujafanya. Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa kibanda, akapangusa uso kwa mikono miwili. "Basi," alisema. "Basi, hakuna aliyejua."

Nilimletea lile fungu lake. Hakulifungua. Alilishika mapajani kama mtu aliyeshika kitu cha jirani. Baadaye akafungua kitenge, akachukua kitenge, akakikunja vizuri akakitia mfukoni. Noti akaniachia mimi.

"Weka kwenye albamu yako, Baba Kabula. Mimi kitenge nitamrudishia mwenyewe."

Uliinuka ukaingia ndani, ukavua sare. Tangu siku hiyo hujaingia kibandani.

Nimejaribu miaka yote hii kuyaweka makosa yangu kwa mpangilio, lipi kubwa, lipi dogo. Nilipokuwa nafikiri juu ya pesa, kubwa lilikuwa bunda la Sadiki. Sasa naona pesa zingeweza kupotea hata kwa njia nyingine, mpakani, mtoni, kwa wezi. Wengi walipoteza. Lakini wewe nilikuchukua ukiwa mtoto mkweli nikakutumia, kwa kuwa neno lako lilikuwa zima na langu limekwisha. Niliona linafaa, nikalitumia. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Fideli aliendelea kunipitia. Hilo nalo hulijui. Wewe ukiwa shule, yeye alikuja kama kawaida, mara kutoka machimboni, mara kutoka kambini, anakaa kwenye kigoda chako, anauliza maendeleo yako ya hesabu. Nilimsomea barua zako. Alinisaidia kupanga skrubu. Kuna watu walimcheka hapa kijijini kwamba amepoteza utajiri wake, akawajibu kwamba rafiki yake Fundi hakuwa na betri. Alinitetea kwa uongo wangu mwenyewe, nami nimesimama hapo hapo na bisibisi mkononi.

Mara tatu nilitaka kumwambia. Mara moja nilifika mpaka kusema, "Mwalimu, ile habari ya faranga…" Akanikatiza, "Acha, Fundi. Ukiifikiria utaugua." Nikaacha. Nilifurahi kukatizwa.

Ilipotangazwa kwamba wakimbizi wote wa Rwanda watarudishwa kwao, alikuja kuniaga. Alikuwa na haraka, alitaka kuwahi kambini kabla familia yake haijapangwa kwenye msafara bila yeye. Hakuwa na mzigo. Alitoa ndani ya kitabu chake cha sala noti moja ya zamani sana, ya wakati Rwanda na Burundi zilipokuwa na pesa moja, faranga hamsini, yenye picha ya simba jike. Niliifahamu. Nilishawahi kumwomba aniuzie akakataa, akasema ni ya marehemu baba yake.

"Hii si yako, wewe mzee wa tamaa," aliniambia akicheka. "Hii ya Kabula. Imekufa muda mrefu, lakini watu wa albamu kama wewe watainunua. Mwambie akikwama shuleni aiuze. Akikosa wa kumuuzia, akuuzie wewe kwa bei ghali."

Akanikumbatia, akaenda zake barabarani.

Kabula, sikukupa. Ulikuja likizo ile, ukakaa mwezi mzima, nikaiacha kwenye albamu, kwenye ukurasa wake wa peke yake. Nilijiambia kwamba ningekupa ningelazimika kueleza. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba niliitaka. Hata baada ya yote yale, nilikuwa nikiifungua jioni na kuitazama na nilisikia raha.

Mwaka jana nilipokuona unajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, umekonda, unawafundisha pia watoto wa jirani hesabu pale barazani kwa chaki, raha hiyo iliniisha. Nikaandika barua. Nilimwandikia Fideli kila kitu, nikampelekea padri wa Ushirombo, kwa kuwa ana wenzake upande ule wanaoweza kufikisha. Niliweka jina lake, la Konsolata, la watoto, na la kilima chao alichokuwa akikitaja. Nilingoja miezi mingi. Wewe ulipata kuniuliza mezani, ndiyo mara moja tu uliyotaja jina lake miaka yote hii, "Mwalimu Fideli hajawahi kuandika?" Nikasema bado.

Jibu lilikuja kabla ya Pasaka. Padri aliniita ofisini akanisomea mwenyewe. Huko kwao hawajaonekana, si yeye wala mkewe wala watoto, tangu siku waliyokimbia. Walioondoka nao kambini hawakumbuki waliachana nao wapi. Shamba lao linalimwa na watu wengine. Padri akaikunja karatasi, akaniuliza, "Alikuwa ndugu yako?"

Nikamwambia alikuwa mwalimu wa mwanangu.

Barua yangu alinirudishia ikiwa haijafunguliwa. Nimeichoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri mno, inaomba msamaha kila mstari, na niliona aibu kwamba nilipokuwa naiandika nilikuwa najisikia mtu mwema.

Sikutumi umtafute. Nilikutuma kusema neno moja kwa niaba yangu, na najua limekukalia kiasi gani. Kumtafuta ni kazi yangu. Baada ya mavuno nitakwenda Ngara mwenyewe, nitauliza kwa watu wanaoshughulika na waliopotea, na nikiambiwa hapana nitauliza kwingine. Sikuambii kwamba nitampata.

Mama yako naye atajua. Kesho tukirudi kutoka stendi nitamwambia, kuanzia kwenye akiba niliyoigeuza faranga. Amekuwa akinitetea kwako bila kujua anatetea nini.

Shule uliyosoma usiione najisi. Nimekaa nikiwaza kwamba huenda ungeirudisha kama ingewezekana, unavyojijua. Hairudishwi. Hesabu alizokufundisha alikufundisha kwa hiari yake, kabla sijaharibu chochote, na sina sehemu ndani yake. Ukisimama mbele ya darasa lako la kwanza, mimi nisiwepo kichwani mwako kabisa.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ndogo. Ni ile ya simba jike. Nimeitoa kwenye albamu asubuhi hii, na sikuifuta wala kuinyoosha. Iuze au itunze, usinieleze umefanya nini.

Sikuombi uniandikie. Ukifika Tabora salama mwandikie mama yako. Yeye ataniambia.

Ni mimi baba yako.